Viatu vya upau vya mguu kifundo: vya ngozi au vya plastiki kwa mtoto wa Kigoma?

Kati ya vitu vyote anavyokabidhiwa mzazi wa mtoto mwenye mguu kifundo, yaani aliyezaliwa unyayo umepinda kuelekea ndani na chini, hakuna kinacholalamikiwa kama viatu vya upau. Ni viatu viwili vidogo, wazi mbele, vilivyokazwa kwenye upau mmoja huku vidole vikielekea nje kama vya bata. Bibi akiviona mara ya kwanza atauliza mjukuu wake kakosa nini hata akafungwa pingu. Baba atauliza kama vinauma. Mama, ambaye ndiye atakayevivalisha usiku wa manane kwa tochi ya simu, atauliza atavivalisha mpaka lini. Swali hilo la tatu ndilo lenye jibu gumu: mpaka mtoto afikishe miaka 4, na wengine 5.

Tunapima hapa aina mbili. Ya kwanza ni ya ngozi na chuma, inayotengenezwa kwenye karakana za viungo bandia kwa mfumo aliouanzisha Michiel Steenbeek nchini Uganda. Ya pili ni ya plastiki, ya shirika la MiracleFeet la Marekani, ambayo muundo wake ulianza na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford. Kazi yao ni moja. Tofauti zao zinajitokeza ukishatoka Kigoma mjini, ukapanda boti kuelekea vijiji vya kusini, kando ya Ziwa Tanganyika, halafu kitu kikakatika njiani.

Lakini kabla ya ngozi na plastiki, kuna jambo ambalo lisipoeleweka, kiatu chochote kitaonekana kibovu. Kiatu hiki hakinyooshi mguu; kinauzuia tu usirudi kupinda. Kinachonyoosha mguu ni plasta, ile ambayo mtaani tunaiita hogo. Kwa njia ya Daktari Ignacio Ponseti wa Iowa, Marekani, mguu wa mtoto unakandwa taratibu na kufungwa plasta kuanzia vidoleni hadi juu kwenye paja, goti likiwa limekunjwa nyuzi 90, na plasta inabadilishwa kila baada ya siku 5 hadi 7. Watoto wengi wanamaliza kwa plasta 4 hadi 7. Kisha, kwa walio wengi, kano ya kisigino inakatwa kwa tundu dogo baada ya sindano ya ganzi, na plasta ya mwisho inakaa wiki 3 ili kano iunge ikiwa imerefuka. Siku plasta hiyo inapofunguliwa, viatu vinavalishwa siku hiyo hiyo. Haisemwi “rudini wiki ijayo”. Wiki moja bila kiatu kwa mtoto mchanga inatosha mguu kuanza kurudi ulikotoka, kwa sababu kano na mishipa ya nyuma na ya ndani ya mguu bado inavuta, hasa mwaka wa kwanza.

Kwa hiyo kipimo cha kwanza si cha kiatu, ni cha mguu. Plasta ya mwisho ikifunguliwa, mguu unatakiwa ufunguke kuelekea nje nyuzi 60 hadi 70 bila kulazimishwa, na upande juu kuelekea muundi angalau nyuzi 10 hadi 15. Usipofika hapo, kisigino hakitakaa chini ndani ya kiatu. Kitachomoka usiku, kitachomoka mchana, na mama ataambiwa hajui kufunga kamba. Kiatu kinachochomoka kila siku mara nyingi kinatoa taarifa kwamba mguu haujakamilika au umeanza kurudi. Dawa yake ni plasta nyingine, na wala si kukaza mkanda mpaka mtoto apate kidonda.

Sasa viatu vyenyewe.

Vya ngozi vinaonekana vya kizamani, na hapo ndipo watu wanavidharau bila sababu. Soli ni ngumu na imenyooka, haina mchepuko wa ndani kama viatu vya dukani. Mbele ni wazi ili vidole vionekane. Kuna ulimi, kamba, mkanda wa katikati, na nyuma ya kisigino kuna tundu. Tundu hilo ndilo sehemu bora ya kifaa kizima. Ukivalisha, unachungulia: ukiona kisigino kimejaa kwenye tundu na kimekaa chini, umevalisha vizuri, ukiona kimepanda, fungua uanze upya. Usipokee kiatu cha ngozi kisicho na tundu hilo, hata kama kimeshonwa kikapendeza.

Faida yake kubwa kwa mkoa kama huu ni kwamba kinatengenezeka. Kamba ikikatika, kuna kamba Ujiji na kuna kamba Kasulu. Mkanda ukichanika, fundi viatu yeyote mwenye sindano na uzi wa nailoni anaushona kwa dakika chache. Upau ukiachia pale ulipochomelewa, fundi wa kuchomelea ataurudisha, lakini hapa ndipo kazi nyingi zinaharibika. Fundi anaona chuma kimeachia, anakishika kwa koleo, anachomelea kwa kukisia, na mtoto anarudishiwa viatu vinavyotazama mbele. Mapema, kifaa kikiwa bado kizima, kilaze juu ya kadibodi, chora upau na chora mstari wa katikati wa kila soli. Mchoro huo ndio fundi atakaoulaza juu yake akipanga vyuma kabla ya kuwasha moto. Viatu vyenyewe vifunguliwe kwanza kwenye chuma, maana ngozi na plaiwudi ya soli havivumilii joto la kuchomelea.

Adui wa viatu vya ngozi ni mvua. Kuanzia Novemba hadi Aprili hewa ya Kigoma ina unyevu, mtoto anakojoa, nepi ya kitambaa inavuja, na ngozi inaota ukungu. Ifute kwa kitambaa chenye unyevu na sabuni kidogo, uianike kivulini penye upepo. Usiiloweke. Usiiweke karibu na jiko la mkaa wala juu ya bati saa 7 mchana, kwa sababu ngozi iliyokaushwa kwa nguvu inakakamaa na kingo zake zinachubua. Na mawese, hata kama nyumba imejaa mawese, yasiguse ndani ya kiatu. Ngozi italainika, ni kweli, lakini mguu utateleza, na mguu unaoteleza ndio unaotoa malengelenge.

Ubaya wa pili wa ngozi ni kwamba viatu na upau havitenganishwi wakati wa kuvalisha. Unavalisha miguu miwili ikiwa imeunganishwa tayari, na mtoto wa miezi 8 anayerusha miguu atakutoa jasho. Kubadilisha nepi usiku kunataka ustadi, na kumpitisha mtoto kwenye suruali hakuwezekani kabisa. Gauni au shati refu ndilo vazi lake, awe wa kike au wa kiume.

Vya plastiki vimejibu hilo. Unavalisha kiatu cha kulia kwa utulivu, cha kushoto kwa utulivu, kisha unavipachika kwenye upau. Usiku unachomoa, unabadilisha nepi, unapachika tena, na mtoto huenda hata asiamke. Ndani ni laini zaidi, vinaoshwa kwa maji na sabuni, havioti ukungu, na upau wake mpana unamruhusu mtoto aliyeanza kusimama asimame navyo akishikilia kiti. Kwa ngozi ya mtoto mchanga, na kwa mama ambaye ni mtoto wake wa kwanza, plastiki inashinda.

Inashindwa mahali pawili. Kwanza, sehemu ya kupachikia ikivunjika, hakuna fundi wa mtaani wa kuitengeneza. Gundi haishiki, waya wa kufungia unalegea na kupindisha pembe, na kuchoma plastiki kwa kisu cha moto ndiyo kuimaliza. Utasubiri kliniki. Mchanga wa ziwani nao ni tatizo: ukiingia kwenye sehemu ya kupachikia, upau unaonekana umeshika kumbe haujaingia sawasawa, na unachomoka mtoto akigeuka. Mswaki wa zamani na maji vinatosha; safisha kila ukimwogesha mtoto, halafu ukipachika vuta kiatu kwa nguvu kidogo kuhakikisha.

Pili, urahisi wake ni mtego. Kwa kuwa upau unatoka upesi, nyumba nyingi huanza kumwachia mtoto viatu peke yake mchana, “si amevaa?” Viatu bila upau havifanyi kazi yoyote. Kinachoushikilia mguu utazame nje ni mguu wa pili, kupitia upau. Ukitoa upau, umemvalisha mtoto ndala za bei kubwa. Hili haliwezekani kwa viatu vya ngozi, na kwa familia ambayo mtoto analelewa na watu wengi (bibi, dada wa kazi, shangazi aliyekuja likizo) tunaona hilo ni jambo la kuhesabu upande wa ngozi.

Kwa aina zote mbili, kuna vipimo vitatu vya kukagua kabla hujaondoka kliniki, na usione haya kumwomba mtaalamu avipime mbele yako. Urefu wa upau, kutoka katikati ya kisigino kimoja hadi kingine, uwe sawa na upana wa mabega ya mtoto, nje hadi nje. Upau mfupi unamkosesha mtoto raha na ndio unaowafanya wazazi wengi wakate tamaa. Mrefu kupita kiasi unayataabisha magoti. Mguu wenye kifundo uelekee nje nyuzi 60 hadi 70. Kama ni mguu mmoja tu wenye shida, ule mzima nao unavaa kiatu, lakini kwa nyuzi 30 hadi 40. Kuna mafundi wanaoweka yote miwili nyuzi 70 ili vifanane, na kufanana huko hakuna faida kwa mguu mzima. Mwisho, nyayo zipande juu nyuzi 10 hadi 15; kwenye upau wa chuma hilo linapatikana kwa upau kujipinda kidogo, tumbo lake likitazama mbali na mtoto.

Kuvalisha kuna mpangilio, na ukiufuata nusu ya malalamiko yanaisha. Soksi ya pamba ndefu kupita kiatu, isiyo na mshono mnene kisiginoni. Anza na mguu ulio mgumu zaidi. Kunja goti, sukuma unyayo juu polepole, ingiza kisigino mpaka kiguse nyuma na chini, kisha kaza mkanda wa katikati kwanza, maana huo ndio unaokizuia kisigino kisipande. Kamba zinafuata. Vuta mguu kwa muundi, juu na chini: vidole vikienda mbele na nyuma ndani ya kiatu, kisigino hakijakaa. Mara ya kwanza ulipovalisha vizuri, chora mstari kwa kalamu ya wino pale ncha za vidole zinapofika kwenye soli. Siku vidole vikiwa nyuma ya mstari huo, utajua kisigino kimepanda hata kama kiatu chako hakina tundu la kuchungulia.

Juu ya ngozi ya mtoto, kosa tunaloliona baya kuliko mengine linatokana na huruma. Mama anaona lengelenge nyuma ya kisigino, anadhani kiatu kinabana, analegeza mkanda. Lengelenge linakua. Lengelenge la kisigino karibu kila mara ni la kiatu kulegea: mguu unapanda na kushuka, ngozi inasuguliwa. Kaza, usilegeze. Wekundu kidogo unaopotea muda mfupi baada ya kuvua ni wa kawaida siku za mwanzo. Wekundu mkali unaobaki, ngozi iliyochubuka, au vidole vilivyovimba na kubadilika rangi ni sababu ya kurudi kliniki upesi. Usipake mafuta ya mgando mahali pekundu, yanalainisha ngozi na kuongeza utelezi.

Kilio cha siku 2 au 3 za kwanza, wakati mwingine wiki, si cha maumivu. Mtoto amezoea kurusha mguu mmoja mmoja, sasa yote inakwenda pamoja. Mfundishe: shika upau katikati, usukume taratibu magoti yakunjike, uvute yanyooke, huku ukimwimbia. Akishajua kurusha yote miwili kwa pamoja ananyamaza. Lakini ukivua kila anapolia, atakuwa amejifunza kwamba kilio ndicho ufunguo, na hapo hata kiatu cha dhahabu hakitavalika.

Saa za kuvaa zinachanganya watu, basi tuzihesabu. Miezi 3 ya kwanza ni saa 23 kwa siku. Ile 1 ni ya kuoga na kunyoosha miguu. Baada ya hapo ni saa 12 hadi 14, yaani usiku na usingizi wa mchana. Mtoto anayelala saa 2 usiku na kuamka saa 12 asubuhi amevaa saa 10 tu. Zinabaki 2 hadi 4, na hizo ni za usingizi wa mchana, kwa hiyo anayekwenda naye shambani au sokoni aende na viatu. Anayevaa usiku pekee anadhani ametimiza, kumbe kila siku anadaiwa.

Na mbeleko? Ndani ya miezi 3 ya kwanza haiwezekani miguu izunguke kiuno cha mama huku upau ukiwa umefungwa, na tusidanganyane kwamba kuna namna. Zipo njia mbili: mtoto abebwe mbele, amekalia mkono, au awe mgongoni miguu yote ikining’inia chini, upau ukilala juu ya makalio ya mama na kitenge kikipita juu yake. Njia hii ya pili inafaa kwa mwendo mfupi. Baada ya miezi 3, mchana akiwa macho anabebwa kama watoto wengine.

Viatu havimalizi safari nzima. Mtoto anakua kwa kasi mwaka wa kwanza, na vidole vikianza kujikunja kwenye ukingo wa soli, saizi imekwisha. Ukaguzi wa kila miezi 3 unatosha kuligundua hilo mapema. Anayetoka mbali aombe kuondoka na saizi inayofuata mkononi, maana jozi iliyosubiriwa miezi 2 ni miezi 2 ya mguu kurudi. Dalili za kurudi ni hizi: kisigino kinaanza kukataa kushuka, vidole vinaelekea ndani mtoto akiwa amelala, au akitembea anakanyaga ukingo wa nje na soli ya kiatu chake cha kawaida inalika upande huo. Ukiwahi, plasta chache zinaurudisha. Ukiendelea kulazimisha kiatu, unaumiza tu.

Kuna bidhaa ya tatu ambayo haistahili alama: viatu vya kawaida vinavyovalishwa kinyume, cha kulia kushoto, vikiuzwa au kushauriwa kama “vya kunyoosha miguu”. Kwa mguu kifundo havifanyi lolote. Kwa matege navyo havihitajiki, kwa sababu miguu ya watoto wengi imepinda nje mpaka karibu miaka 2, inapinda ndani magoti yakigusana kwenye miaka 3 na 4, kisha inanyooka yenyewe kufikia miaka 7 hivi. Matege ya kupeleka hospitali ni yale ya mguu mmoja, yanayozidi baada ya miaka 2, au yanayokuja na vifundo vya mikono vilivyovimba na mtoto kutokua, kwa kuwa hapo inabidi kuchunguza upungufu wa vitamini D na madini ya kalsiamu. Viatu vya upau si dawa ya hayo, wala usimwazime jirani.

Alama zetu: plastiki 8 kati ya 10, ngozi 7. Kwa anayeishi Mwanga, Gungu, Ujiji au popote anapoweza kufika kliniki kwa bajaji, chukua plastiki. Kwa anayeishi Kalya au Buhingu, ambako wengi wanasafiri kwa boti na boti inategemea hali ya ziwa, tunageuza: ngozi, pamoja na kamba za akiba na mkanda mmoja wa ziada. Pa kuanzia kuuliza ni hospitali ya rufaa ya mkoa, Maweni. Kwa upande wa Kasulu uliza Kabanga, na kwa ndugu wa Tabora ni Kitete au Nkinga. Uliza siku ya kliniki ya mguu kifundo kabla hujasafiri, kwa kuwa huwa si kila siku. Mtoto wa chini ya miaka 5 yumo kwenye msamaha wa gharama katika vituo vya serikali, kwa hiyo uliza pia kama viatu vimo.

Siku ya kwenda, mtoto afike amevalishwa viatu vyake, hata kama ni saa ambayo hatakiwi kuvaa. Mtaalamu ataona tundu gani la mkanda linatumika, kisigino kimekaa wapi na soli imelika wapi. Mkanda usio na alama ya kukunjwa baada ya miezi 3 utamweleza yaliyobaki.